Kanda Iliyototolewa kwa Mashine ya Vifaranga

Nimejenga nyumba kwa kununua vitu ambavyo wenyewe wamechoka kuviangalia, kwa hiyo nikisema mtu anajua kazi, si kwa upendeleo. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, anajua kazi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa kanda katika studio ya redio. Mtaani wanamwita Mama Pua, maana haweki kanda kwenye mashine kabla ya kuinusa, kama mtu anayechagua samaki sokoni.

Studio ilipohamia kwenye kompyuta, nilinunua stoo yao yote kwa mkupuo: mashine nne, viti vitatu vibovu, na maboksi mia mbili na kumi ya zile kanda kubwa zinazoviringishwa kwenye magurudumu ya alumini. Nilichokuwa nimekitolea macho ni hiyo alumini. Utepe ningeutupa. Shemeji akaja ghalani, akavuta kigoda, akaanza kufungua boksi moja moja.

"Shemeji, hizo ni takataka," nikamwambia.

"Umepima nini hata useme takataka? Kilo?"

Kweli nilikuwa nimepima kilo.

Yeye alikuwa na njia yake. Kwanza pua: kanda inayonuka siki imeanza kuoza, inatengwa na wenzake. Halafu anainua gurudumu mbele ya dirisha na kutazama ubavu wa utepe kupitia matundu yake. Utepe wa aina ya zamani hupitisha mwanga, unaonekana kama chai ya rangi. Aina iliyokuja baadaye ni nyeusi tii. Mwisho anavuta utepe kidogo kwa kidole. Ukiachia, salama. Ukinata, gundi yake imenyonya unyevu, na ukiuchezesha hivyo hivyo ule unga wa kahawia ulioshika sauti unabanduka. Wimbo unabaki kwenye mashine badala ya kwenye utepe. Huo mweusi unaonata hukaushwa kwa joto dogo, ukapona. Lakini ule wa rangi ya chai ukiupasha joto umeuua.

Jumatatu asubuhi aliingia Mzee Nyuzi, mpiga gitaa mstaafu, akiongozana na mkuu wa zamani wa studio, ambaye mpaka leo watu wote humwita Bosi. Mzee hakuketi. Wimbo alioutunga ujanani ulikuwa umeandikishwa na aliyekuwa meneja wa bendi yake, kwamba ameutunga yeye meneja. Ofisi ya hakimiliki ilimpa mpaka Alhamisi saa nne alete ushahidi, la sivyo wimbo ungekuwa wa meneja moja kwa moja.

"Nilirekodi kwenu," akasema. "Mtangazaji alitaja jina langu na tarehe, kisha nikapiga. Hakuna nakala nyingine duniani."

Boksi lilipatikana kabla ya saa sita. Shemeji akanusa: siki kwa mbali. Akatazama tabaka za juu dirishani: rangi ya chai. Akavuta ncha: haikunata.

"Ya zamani hii. Haitaki joto. Inachezeka."

Bosi ndiye aliyebonyeza kitufe. Ikatoka sauti ya mtangazaji, safi kabisa: siku, mwezi, mwaka, na jina kamili la Mzee Nyuzi, mtunzi na mwimbaji. Mzee akashika meza. Bosi akanigonga bega kana kwamba yeye ndiye aliyezaliwa upya.

Hapo Shemeji akaizima mashine.

"Mama, una wazimu?" Bosi akafoka. "Wimbo ndio unaanza!"

"Tazama huko ndani."

Tukainama. Kupitia tundu la gurudumu, tabaka za juu zilikuwa chai. Chini yake, kuanzia upana wa kidole hadi kitovuni, ulikuwa weusi mtupu.

"Nimekosea," Shemeji akasema. "Nimepima ncha nikadhani nimepima kanda. Nimesahau mwaka ule wa shida ya vifaa. Bosi, si wewe uliyetuamuru tusitupe hata kipande? Tulikuwa tunaunga mabaki, ya aina hii na ile, mpaka gurudumu linajaa. Huenda kiungo hiki nilikikata mwenyewe."

Akazungusha kwa mkono, taratibu, mpaka kiungo kikatokea. Akagusa utepe mweusi. Ukamng'ang'ania kidole.

"Pengine utapita," Bosi akasema. "Siku zenyewe zimebaki tatu tu."

"Pengine. Mzee, wimbo ni wako. Tukiuchezesha sasa, ukikwama hakuna wa pili. Ukinipa mpaka Alhamisi, nitaukausha."

Mzee Nyuzi akamgeukia Shemeji. "Mwanangu, fanya unavyojua. Bosi, kaa chini."

Shemeji akaukata utepe penye kiungo, kila aina kwenye gurudumu lake. Sasa tukahitaji kisanduku cha joto lisilopanda wala kushuka. Nikakumbuka muuza vifaranga wa mtaa wa nyuma na mashine yake ya kutotolea.

"Mnataka kutotoa nini?" akauliza.

"Wimbo," nikasema.

"Unachukua siku ngapi?"

"Muda wa saa nane tu. Huu hauna ganda."

Alitaka kodi ya wiki nzima. Nikampa feni moja na maneno mengi, akakubali. Jumanne kutwa Shemeji alikaa kando ya mashine ile na kipimajoto, ameipandisha kupita joto la mayai hadi nyuzijoto hamsini na kitu, akiligeuza gurudumu kila baada ya muda. Nilipomwambia apumzike, akanikata kauli: "Nenda kauze alumini yako." Jumatano aliuacha upoe, hakuruhusu hata Bosi aushike, na jioni akauunga tena na ule wa rangi ya chai.

Alhamisi tuliibeba mashine ya kanda wanne mpaka ofisi ya hakimiliki, ghorofa ya tatu, jasho likitutiririka. Meneja alikuwa ameshakaa, amepiga suti, anacheka na karani. Shemeji akaunganisha kompyuta ili inakili papo hapo, kisha akabonyeza.

Mtangazaji akataja tarehe na jina. Meneja akaacha kucheka. Kikapita kiungo kipya, kimya kidogo. Kisha gitaa likaingia, kavu na angavu, na sauti ya Mzee Nyuzi akiwa na miaka ishirini na minne ikajaa chumba. Hakuna kukwaruza wala mlio. Ubeti wa kwanza, kiitikio, mpaka mwisho. Watu wa ofisi za jirani walikuwa wamejaa mlangoni.

"Labda nilisahau," meneja akasema.

"Ulisahau na jina la mtunzi?" mtu akamrushia kutoka mlangoni, vicheko vikalipuka.

Shemeji hakucheka. Alichukua pamba, akafuta pale utepe unapopita, akamnyooshea Bosi. Pamba ilikuwa nyeupe pe, bila chembe ya unga wa kahawia. Bosi akaitazama, akavua kofia.

Karani akafuta jina la meneja, akauliza jina kamili la mtunzi. Mzee Nyuzi akasogea mezani, akalitaja herufi moja moja, akisubiri kila moja iandikwe ndipo ataje inayofuata.