Maziwa ya Bi Kazija

Siku ya kwanza walipunguziwa salamu.

Silvano aliliona hilo kabla ya mwenzake, maana yeye ni mzaliwa wa pale. Kaskazini ya Pemba, njia ya kwendea Micheweni, salamu haiishi kwa kujibiwa. Utaulizwa u hali gani, wa nyumbani wazima, mzee kifua chake kimepoa, na ukishajibu yote utaulizwa tena u hali gani. Asubuhi ile wanawake waliokuwa wakitoka pwani na magunia ya mwani vichwani waliitika "marahaba" wakapita. Neno moja, basi.

"Wana haraka," alisema Anyosisye.

"Hapa hakuna haraka ya kumshinda mtu salamu," alisema Silvano.

Walikuwa vijana wawili wa chuo cha wachungaji huko bara, mwaka wa tatu, waliotumwa kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu katika kanisa dogo la bati. Waumini wake walikuwa walimu na askari waliohamishiwa kisiwani, watu kumi na saba wakija wote. Anyosisye alitoka Tukuyu na hakuwahi kuiona bahari kabla ya safari hiyo. Silvano alikuwa amerudi nyumbani.

Baba yake, Mmakonde, alikuja Pemba kuvunja mawe ya kujengea, akaoa mwanamke wa kwao, na mwanamke huyo akafa siku ya pili baada ya kujifungua. Jirani yao, Bi Kazija, alikuwa akimnyonyesha mwanawe, Suhail. Alikichukua kile kichanga cha Kikristo akakipa ziwa la pili bila ya kutaka shauri la mtu. Walipomhoji alisema njaa haina dini. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyenyonya hivyo ni ndugu. Hawezi kuoa katika nyumba ile, na mabinti wa nyumba ile hawana haja ya kujitanda mbele yake. Ndivyo Silvano alivyokua na mama, na kaka, na baadaye mdogo wake Asya. Alipokwenda kusomea uchungaji, Bi Kazija alimfungia mkate wa kumimina akamwambia, "Nenda. Ukirudi padri, utakuwa padri wangu mie."

Mtu aliyezoea kupendwa husahau kwamba kupendwa kuna mipaka. Silvano alisahau kwamba maziwa yale aliyanyonya yeye, mwenzake hakuyanyonya.

Ilikuwa siku ya thelathini na moja ya arobaini ya uzazi ya Asya, siku tano kabla ya salamu kupunguzwa. Alikuwa amejifungua kwa mama yake, kama ilivyo desturi, na mtoto akaishi siku tatu. Mumewe, Hamad, alimzika, akakaa siku chache, kisha akarudi dago, kwenye kambi ya wavuvi katika kisiwa kidogo cha jirani. Siku ya arobaini angekuja kumchukua mkewe amrudishe nyumbani. Silvano alikwenda kumjulia hali dada yake, na Anyosisye akakaa barazani nje kama mgeni wa kiume anavyopaswa kukaa. Mvua ikashuka ghafla, ya upepo. Bi Kazija alikuwa jikoni uani.

"Ingia ndani wewe, utaroa," aliita Silvano.

Hakukuwa na lingine, Anyosisye akaingia. Asya alivuta kanga mpaka kwenye paji la uso. Anyosisye alimpa pole, kwa sauti nzuri aliyokuwa nayo. Baadaye Asya alisema, macho yakiwa chini, "Nyie kwenye kitabu chenu, mtoto wa siku tatu mnasema anakwenda wapi?"

"Yuko mikononi mwa Mungu."

"Na sisi twasema hivyo hivyo. Nilitaka kujua tu kama kuna mtu anayesema vingine."

Mvua ikakatika, wakaaga.

Lakini chuo kilikuwa kimewapa kila mmoja daftari. Jina la uliyemtembelea, tarehe, hali yake ya kiroho. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa vijana wenye moyo safi, kwamba huzuni ya mtu ni mlango na kazi yako ni kuuandika umefunguka kiasi gani. Usiku ule Anyosisye aliandika: *Asya, mke wa Hamad. Amefiwa na mtoto. Nimezungumza naye ndani kwao. Moyo umefunguka. Anatafuta.* Siku ya tatu yake alilisahau daftari hilo kwenye benchi la mkahawa wa chai.

Suhail ndiye aliyelirudisha, Jumatatu, siku ya pili ya zile salamu fupi. Alisimama nje ya mlango wa kanisa, hakukanyaga ndani.

"Padri."

"Suhail, ndugu yangu."

"Daftari la mwenzio. Mwambie uhodari wa kuandika auzidishie na uhodari wa kukumbuka."

"Umelisoma?"

"Kijiji kizima kimelisoma, yakhe. Nilipolikamata lilikwisha kupigwa picha. Limekwenda kwenye simu, limefika mpaka dago. Shemegi Hamad kajibu neno moja, 'Nimeona.'"

"Asya aliuliza habari ya mtoto tu. Nilikuwapo."

"Mie waniambia? Mie namjua dada yangu." Suhail alitazama barabarani, akashusha sauti. "Watu hawaulizi kasema nini. Wauliza mwanamume wa mbali kaingiaje ndani, mwanamke yumo arobaini, mume yuko baharini. Nani kamkaribisha? Mama yeye alikuwa uani, hajui. Asya kaulizwa mara tatu, hasemi."

Silvano alielewa kwa nini Asya hasemi: alikuwa akimficha yeye.

"Alhamisi ndiyo arobaini," aliendelea Suhail. "Hamad akija kumchukua, maneno yamekufa. Asipokuja, aliyekufa ni dada yangu."

Anyosisye alikuwa nyuma ya pazia la sakristia na aliyasikia yote. Suhail alipoondoka, wale wawili walibishana mpaka jua likapanda utosini.

"Niliandika nilichokiona."

"Uliandika ulichokitamani."

"Unataka nimkane Bwana kwa sababu watu wamepunguza salamu?"

"Hakuna aliyekutaka umkane Bwana. Nataka uende ukawaambie wazee kwamba Asya hakutafuta kitu kwako. Alikuwa na uchungu, na wewe ukaufanyia ripoti."

Anyosisye alikaa kwenye kiti cha mbele, mikono magotini. Silvano alidhani anaomba. Kumbe alikuwa anafikiri, na alipoinua uso alisema, "Sasa chuoni nitasema nini?"

Kesho yake alipanda gari kwenda Mkoani kuiwahi meli. Alisema anaumwa. Daftari aliondoka nalo.

Jumanne hiyo hakuna aliyemsalimu Silvano. Yeye alisalimu, wao walitikisa vichwa. Alinunua mkate, muuzaji akauweka juu ya meza badala ya kumpa mkononi. Mara mbili alitoka kwenda kwa Bi Kazija, mara mbili akageukia njiani. Alijua la kusema, na alijua gharama yake. Akisema kwamba yeye ndiye aliyemwingiza mwanamume ndani kwa mabinti wa watu, undugu wa ziwa utakuwa umefunguliwa mlango kwa kila anayetaka kuutilia shaka, na nyumba ile itamfungia. Akinyamaza, Asya ataendelea kunyamaza kwa niaba yake.

Hamad alikuja mwenyewe kanisani, Jumatano alasiri, kwa baiskeli kutoka Tumbe alikouza samaki. Aliiegemeza ukutani na kusalimu. Alisalimu salamu zote. Alimuuliza Silvano hali, na wa nyumbani, na baba yake, na afya, na kazi, na hali tena. Kwa siku tatu Silvano alikuwa ameitamani salamu kama hiyo, na sasa kila neno lilimtia baridi mgongoni.

"Mie nina suala moja tu," alisema Hamad. "Nani alimwingiza yule?"

"Mimi. Asya hakumwita, wala mama hakujua. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Mvua."

"Ndiyo, shemegi."

Hamad alikubali kwa kichwa, polepole. "Mvua ile ilinikuta baharini. Hapana aliyenambia ingia ndani."

"Makosa ni yangu peke yangu. Nitakwenda kusema msikitini, mbele ya wazee, popote unapotaka."

"Nimekusadiki. Mzee Talib wa msikitini pia nitamwambia, ili dada yako asisemwe kwa hilo." Alishika usukani wa baiskeli, akauachia. "Lakini mtoto yule alikuwa wangu. Nilimtia kaburini kwa mikono hii. Kama alitaka kuuliza yuko wapi, mbona hakuniuliza mie?"

Aliaga kwa adabu, akapanda baiskeli yake.

Alhamisi, kutoka kwenye ngazi za kanisa, Silvano aliuona mlango wa Bi Kazija umeachwa wazi tangu asubuhi. Begi lilikuwa kizingitini. Asya alikuwa amekaa mkekani nyuma yake, amevaa nguo mpya, na upepo ulipogeuka ulileta harufu ya udi. Adhuhuri ikapita. Baada ya alasiri baiskeli ilitokea juu ya kilima, boksi la barafu limefungwa nyuma. Hamad alipita mbele ya nyumba ile bila ya kuongeza mwendo wala kupunguza. Akashika njia ya Tumbe. Hakutuma talaka, na hakumchukua.

Mkono mmoja ukalivuta begi ndani. Mlango ukafungwa.

Silvano alivuka barabara. Katika umri wake wote hakuwahi kupiga hodi kwenye mlango ule.

"Hodi," alisema.

Ndani alisikia mtu akihamisha miguu juu ya mkeka.

"Hodi. Ni mimi."

Watoto wa jirani waliacha kucheza wakamtazama.

"Hodi."

Sauti ya Asya ikatoka upande wa pili wa ubao, karibu sana, si ya hasira. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayemjibu mwanamume mpita njia, asiye wa nyumba ile.

"Wanaume hawapo," alisema.