Chepkorir hakuwa seli kwenye sahani

Nimeandika "alikuwa" nikafuta. Nikaandika "yuko" nikafuta pia. Hadi leo sijui niweke neno gani baada ya jina la Chepkorir.

Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuposti. Darasani yeye ndiye alikuwa akiniinulia mkono. "Mwalimu, huyu ana jibu, anaogopa tu."

Tulikaa dawati moja mpaka tukamaliza shule. Sukari ilimpata tukiwa Form Two. Mwili wake uliacha kutengeneza insulini, akawa anajidunga kila siku. Alikuwa anajidunga tumboni huku ananipa umbea, na hata sentensi hakatizi.

Kwao, huku juu ya Mogogosiek, hakuna friji. Dawa yake ilikaa kwenye chungu kilichozikwa kwenye mchanga wenye maji, nyuma ya jikoni. Hata wadogo zake hawakuthubutu kukigusa.

Halafu mtu mmoja akaja buying centre, pale tunapouzia majani chai. Anajua siku za majani, anajua akina mama wote wako pale wakingoja lori. Alivaa koti jeupe, na watu wakamwita Daktari kabla hajasema jina lake.

"Dawa ya mti huu imepimwa kwenye seli za ini," alisema, ameshika chupa mkono mmoja na gome la mti mkono wa pili. "Sukari inashuka, mafuta yanayeyuka. Scientifically proven!" Kisha akasema lile ambalo kila mtu hapa tayari analiamini, kwamba kichungu huua kitamu.

Mama yake Chepkorir alirudi na chupa.

Chepkorir hakuudharau huo mti. Magome yake ndiyo wanachemsha na supu ya mifupa kwao. Aliniambia, "Nataka kwenda chuo niupime mwenyewe. Huenda una kitu."

Lakini alimwambia mama yake, nikiwa nimekaa pale: "Mama, hizo ni seli kwenye sahani ya maabara. Zinalishwa, mara nyingi hata insulini zinawekewa. Mimi nikikosa sindano, ini langu halina wa kuliambia basi. Litamwaga sukari kwenye damu, na mafuta litayageuza asidi."

"Kwa hivyo shule imekufunza kumjibu mama yako?" Huyo ni Senge, dada ya baba yake. "Dawa mbili zinapigana tumboni. Chagua moja, na uchague kwa imani."

"Senge, hii sindano haina ugomvi na mtu."

Mimi nilicheka. Mama yake alianza kulia. "Miaka yote hii unadungwa kama ng'ombe. Jaribu tu mara hii, kwa ajili yangu."

Hapo ndipo aliposhindwa. Hakushindwa kwa hoja. Alishindwa na machozi ya mama yake.

Senge aliibeba insulini yote akaenda nayo kwake, ati asijaribiwe. Chungu kikabaki na mchanga tu.

Jumapili wakamsimamisha kanisani atoe ushuhuda kwamba ameacha sindano. Midomo ilikuwa imekauka. Alisema, "Bwana asifiwe. Naomba maji." Watu wakapiga makofi.

Kesho yake nilimkuta kitandani anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia mgongoni. Pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Ni yale mafuta," aliniambia. "Ini linafanya vile nilisema. Mwambie Mama alete dawa yangu."

Mama yake alikimbia hadi kwa Senge akilia barabarani. Tulipofika hospitali Chepkorir hakuwa anajibu tena. Hakuamka.

Kwenye mazishi wakasoma kwa microphone: "Aliugua kwa muda mfupi." Muda mfupi! Aliishi na sukari miaka, akacheza volleyball, akafaulu kuliko mimi. Kilichokuwa kifupi ni muda aliokaa bila dawa.

Senge alisema Mungu amechuma ua lake. Mimi nasema Mungu asisingiziwe.

Anayetaka kumtukana mama yake kwenye comments, tafadhali aende ukurasa mwingine. Nimemwona. Hakuna tusi utakaloandika ambalo hajajiambia.

Juzi lile koti jeupe lilirudi. Nilienda mbele, nikasema kwa sauti, "Chepkorir alikunywa hii, akaacha insulini, amekufa."

"Pole sana, msichana," akanijibu kwa upole kabisa. "Yeye alichelewa kuanza."

Na mama mmoja nyuma yangu akauliza kama kuna chupa ndogo.

Ndiyo maana nimekuja kuandika huku. Kama una mtoto anayetumia sindano, mwombee, mpikie supu, lakini hiyo sindano asiikose hata siku moja. Akikuambia anaihitaji, usimwombe akuthibitishie imani yake.

Chepkorir, wewe ulijua. Ulijua kila hatua ya kitu kilichokuua, ulitueleza vizuri, na bado ukakubali kwa sababu mama alilia. Nimekukasirikia kwa hilo. Nimekukasirikia sana na nimekukosa sana, na sijui lipi ni kubwa.

Lala, rafiki yangu. Lala salama mahali ambapo ukisema unaumwa, utaaminiwa mara ya kwanza.