Siku Mkwe Wangu Aliponishika Mguu

Mkwe wangu, yaani mume wa binti yangu, alikuwa akiniona natokea mbele yake anaruka mtaroni. Sitanii, anaruka kweli. Siku moja alikuwa na baiskeli, anatoka mashineni na gunia la unga nyuma, mimi natoka kisimani, tukakutana kwenye ile kona ya fundi cherehani. Aliingia mtaroni yeye, baiskeli na unga wake. Nikageuza uso nikatazama migomba, nikapita zangu. Nyuma nilimsikia anakohoa unga.

Ndivyo tulivyofundishwa sisi watu wa zamani huku Mbozi. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapishani njia moja, hawashikani mikono, hawali mahali wanapoonana. Kukiwa na neno la lazima linapitia kwa mtu wa katikati. Ni heshima hiyo, si chuki. Yule kijana nilikuwa nampenda, ila nilikuwa nampenda nikiwa nimempa mgongo.

Iko namna ya kuimaliza hiyo aibu ya kukwepana. Upande wa mwanamke unapika, kuku wanachinjwa, mkwe anaitwa anakula mbele ya mama mkwe, kuanzia hapo mnaongea kama watu wengine. Sisi tulishapanga. Kuku niliwafuga mwenyewe, wanene, kuna jogoo mmoja mwekundu alikuwa anapigana hata na mbwa. Mume wangu akafariki. Kuku wakaliwa msibani, jogoo naye. Baadaye kahawa ikashuka bei, baadaye hiki, baadaye kile, na aibu ikabaki palepale mpaka wajukuu wakaanza shule.

Lakini habari hii ni ya mguu, ngoja nirudi kwenye mguu.

Nilijikwaa shambani kwenye kisiki cha kahawa, hapa chini ya goti kwa mbele. Mkwaruzo tu, hata sikukaa chini. Ukakataa kupona. Nikaweka majani, nikaweka mafuta, nikaweka unga wa dawa aliouza mtu mmoja wa gulio, Mungu amsamehe. Kidonda kikawa kinakula kuelekea ndani, na kikaanza kunuka. Asubuhi nafua vitambaa naanika nyuma ya nyumba, kwenye kahawa, pale ambapo nilidhani hakuna anayeona.

Sasa sisi wa jumuiya ya kanisa tunasali nyumba kwa nyumba. Mkwe wangu naye yumo, ila kwenye ibada wazee wameruhusu: yeye hukaa kwa wanaume, mimi kwa wanawake, kila mmoja anatazama kwake. Mimi shule niliigusa tu, neno refu kwenye Biblia linanishinda, naanza nalo vizuri halafu linanipotea katikati. Lakini pambio, hapo hamnipati. Tangu niko msichana mimi ndiye ninayeanzisha, na nikianzisha hata mwenye kisirani anapiga makofi. Mguu ulipoanza kunuka nikahamia kukaa karibu na mlango. Nikahamia nje kwenye benchi. Halafu nikawa na mafua, siendi kabisa.

Jirani yangu, mwanamke tuliyezeeka wote na ambaye mdomo wake haujazeeka, akaja kunitazama.

"Mafua gani haya dada, mwezi wa ngapi huu? Hata kupiga chafya hupigi!"

"Yako ndani," nikamwambia.

"Ya ndani kweli. Nayanusa kutoka hapa."

Akacheka, nikacheka, akaondoka, nikalia. Kufa nilikuwa sikuogopi. Nilikuwa naogopa kuwa mtu wa kuletewa salamu. Nilipokuwa mdogo palikuwa na bibi mmoja alikaa nyuma ya mlango hivyohivyo, watu wakipita wanasema "msalimieni bibi", siku alipozikwa hakuna aliyekumbuka sauti yake ilikuwaje. Nilikuwa nauona huo mlango unanijia.

Zamu ya nyumba yangu ikafika, nayo ikaangukia Alhamisi ile ya kabla ya Pasaka, ambayo sisi tunaoshana miguu kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Zamu haikataliwi. Wanawake huosha wanawake, wanaume wanaume, na kila mtu huwa na mtu wake. Wangu ni huyo jirani. Tulishaelewana: atanimwagia maji mguu mzima, ule mwingine utakaa chini ya kitenge, na Mungu anaelewa.

Ila tulikuwa na mwinjilisti mpya, kijana wa kutoka Kanda ya Ziwa, mpole, alikuwa bado anashangaa baridi yetu. Akaja na ungo una maharage. Kila aina aliweka punje mbili mbili: njano mbili, nyekundu mbili, nyeupe, zenye madoa, na kadhalika. Akasema, "Wapendwa, kumwosha rafiki yako ni rahisi. Mwaka huu atuchagulie Mungu. Kila mmoja achukue punje moja bila kutazama, wenye punje zinazofanana wataoshana." Wanaume na wanawake, wote ungo mmoja.

Hapo ndipo mtu mzima yeyote wa kwetu angesema, "Mwinjilisti, ngoja kwanza, humu ndani kuna mtu na mkwe wake." Hakusema mtu. Maana kulitaja tu jambo la mkwe mbele za watu nayo ni aibu, na mgeni hakatizwi akiwa anahudumu. Kila mmoja akamtegemea mwenzake, tukanyamaza wote kwa heshima, ungo ukazunguka. Kosa la namna hiyo mgeni peke yake haliwezi, linatuhitaji sisi wenye adabu tulifanye.

Nikapata ya madoa. Jirani akapata ya njano, akaangukia kwa mke wa fundi cherehani. Watu wakawa wanapata wenzao, wanacheka.

"Ya madoa nani?" mwinjilisti akauliza. "Ziko mbili."

Yangu nilishaificha kwenye kiganja. Nikainua macho kidogo, nikamwona binti yangu amechungulia mkono wa mumewe, halafu amejifunika mdomo kwa kanga. Nikajua.

"Labda zimeliwa," jirani akasema. "Njaa ya mfungo hii, mtu anakula hata mbichi!"

Nyumba nzima ikacheka, isipokuwa watatu. Mzee mmoja akaenda kumnong'oneza mwinjilisti sikioni, kijana wa watu akabadilika rangi.

"Nisameheni wazazi wangu, sikujua. Tuzirudishe, tuanze upya."

Mkwe wangu ndiye mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa maneno machache. Akasimama, punje iko mkononi, macho yako chini.

"Zisirudishwe," akasema.

Akachukua beseni, akamimina maji ya moto ya kwenye birika, akachanganya na ya baridi, akaomba chumvi. Akaja akapiga magoti mbele yangu bila kunitazama usoni, upande wa mguu ulio chini ya kitenge. Mimi natazama ukuta. Binti yangu akaitwa akae katikati, ndiyo njia yetu.

"Mwambie mama nimeleta maji."

"Mama, anasema ameleta maji."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mguu huo una kazi yake, umefungwa. Aoshe huu mwingine."

"Anasema uoshe mwingine."

"Mwambie mama, huo mwingine ni mzima, haunihitaji."

"Hii ni ibada au baraza la ardhi?" jirani akauliza, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

"Mwambie unanuka," nikasema.

Binti yangu hilo hakulipeleka. Akainama akaanza kulia, kanga usoni. Basi hatukuwa tena na mtu wa katikati. Tulibaki mimi na yeye na beseni linatoa mvuke, na watu wote wa jumuiya wanatazama mikono yao. Ndipo mkwe wangu akanisemesha mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu.

"Mama, najua. Asubuhi nikienda shamba napita nyuma ya nyumba yako, naona vitambaa kwenye kahawa. Najua tangu mvua za kwanza. Nilikosa tu njia ya kuja."

Yule mwanafunzi mvuvi, aliyemwambia Bwana kwamba hataoshwa miguu naye, siku zote nilikuwa namcheka. Namwona mjinga, umeletewa maji na Bwana mwenyewe unakataa! Siku hiyo nilimwelewa mpaka kwenye mifupa. Unyenyekevu nilidhani ni kuinama. Kuinama mimi najua, nimelima nimeinama, nimechuma kahawa nimeinama, nimeosha miguu ya wenzangu miaka yote na kusifiwa nikasifiwa. Kunyoosha mguu unaooza mbele ya mtu ambaye hujawahi hata kula mbele yake, hiyo sikuijua. Hapo hakuna cha kusifiwa. Unapewa tu.

Nikanyoosha mguu.

Akafungua vitambaa taratibu, kila kilipogoma akakilowesha. Harufu ikajaa nyumba. Nikangoja watu wakohoe, wasogee, watafute sababu ya kutoka nje. Hakuna aliyesogea. Jirani ndiye aliyesogea, na alisogea kuja, akashika taa ya simu amulike. Mkwe akaosha. Mikono ya kushika jembe ile, lakini ukifumba macho ungesema ni mwanamke anaogesha mtoto mchanga.

Ikawa zamu yangu kumwosha. Kuinama siwezi, mguu hauruhusu. Akakaa chini sakafuni, akaniwekea miguu yake kwenye kigoda mbele ya magoti yangu. Kisigino kimepasuka, udongo mwekundu uko ndani ya nyufa. Nikaishika ile miguu iliyokuwa inarukia mtaroni. Nikasugua. Na kabla sijajua nafanya nini, pambio likanitoka, lile lile langu, kwa sauti ile ile, na nyumba ikapokea. Waliimba wale watu! Mwinjilisti alisahau baridi, alikuwa anaruka. Watoto wa majirani wakajaa dirishani wakidhani ni harusi.

Jumatatu ya Pasaka akaja na pikipiki ya kuazima. "Mama, panda." Mimi nimeshika kiuno cha mkwe wangu mchana kweupe, tunapita barabara kubwa, tunaingia Vwawa sokoni, wanawake wa kwetu wanaouza parachichi wanashika vinywa. Nikawapungia. Hospitali wakanipima, wakakuta ni sukari, ndiyo ilikuwa inazuia kidonda kisifunge. Wakanipa dawa, wakasema nisafishiwe kila siku. Wakauliza atasafisha nani. Mkwe wangu akasema, "Mimi niko hapa." Binti yangu alishika zamu yake pia, siwezi kumnyima sifa, ila mkono wa mumewe ulikuwa mwepesi zaidi, na hilo nimemwambia.

Kidonda kilifunga kahawa ikiwa inaanza kuiva. Liko kovu, linang'aa kama sarafu mpya.

Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alikuja kunung'unika kwamba tumevunja mila. Nikamwambia, "Hatujavunja shemeji, tumechelewa tu. Njoo Jumamosi ule." Nikachinja kuku waliotakiwa kuchinjwa zamani zile, watoto wa watoto wao, na mkwe akala mbele yangu. Anakula yule mtu! Sasa ndiyo najua kwa nini binti yangu kila mara alikuwa anaazima unga. Shemeji naye alikula akanyamaza.

Jumuiya sikosi tena, na sikai mlangoni. Jumapili iliyopita nilikuwa naenda kanisani kwa miguu yangu yote miwili, kwenye kona ya fundi cherehani nikamwona mkwe anakuja, kavaa suti. Mazoea ni kitu kibaya: akaniona, akaruka mtaroni. Mvua ilikuwa imenyesha.

"Wewe!" nikampigia kelele, njia nzima ikasikia. "Toka humo, rudi njiani!"

Akatoka na matope mpaka magotini, anacheka. Nikamwambia akae pale kwenye jiwe, avue viatu, mimi nakwenda kuomba maji kwa fundi.