Supu ya Kwato na Jiwe la Osukuru

Ipo siku moja naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto, haina mwanzo unaoshikika. Nimekaa mlangoni kwangu huku Dabani. Vumbi limelala juu ya majani ya migomba, jua la alasiri ni jeupe kama maziwa, nami najikuna. Najikuna mpaka ngozi inatoa unga. Mbele yangu kuna bakuli la mulokoni, supu ya kwato za ng'ombe, mvuke wake unapanda polepole kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Na Nafula, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, amesimama juu yangu akingoja nimeze.

Mwanangu, wewe uliyeambiwa juzi kwamba figo zako zimechoka, maneno haya ni yako. Mimi shule niliiacha mapema, nikauza mukene sokoni Busia, wale dagaa ambao ng'ambo ya mpaka wanawaita omena. Lakini haya niliyajifunza kwa mwili, na mwili haufuti ulichoandika.

Wakati huo figo zangu zilikuwa zimeshachoka kama zako, na mifupa iliniuma kama mtu anaisaga kwa jiwe. Nafula akasema, "Kunywa, mama Wandera. Dawa ya moto ni moto, dawa ya mfupa ni mfupa. Au unaniogopa?"

Hilo la mwisho ndilo lililonifunga. Kwetu, mgonjwa akikataa chakula alichopikiwa, ni kama amemwambia mpishi mbele ya watu kwamba ametia sumu. Neno hilo halifi, litafuata boma mpaka kwa wajukuu. Nikanywa. Nikanywa kesho yake, na keshokutwa. Akaniongezea uji wa wimbi uliotiwa mukene wa kusaga na maziwa, nao pia nikanywa.

Na yuko Wycliffe, wa meza ya dawa kule sokoni. Huyo nitamtaja mpaka siku nitakapozikwa. Alikuwa na kopo la unga mweupe, akasema ni kalsiamu tupu. Nilimwambia wazi kwamba figo zangu ni mbovu. Akanitazama machoni, akasema ndiyo maana nahitaji makopo mawili. Nikanunua yote mawili.

Hospitali nao walikuwa wamenipa vidonge vyeupe, vikubwa kama vipande vya chaki. Nesi alieleza mbiombio, nusu Kiingereza, akaniuliza kama nimeelewa. Nikaitikia. Nani hukiri mbele ya foleni kwamba hakuelewa? Nikawa nameza usiku nikienda kulala, tumbo tupu, kama dawa nyingine zote nilizowahi kupewa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliyasikia ya wakuu wote, ndipo nikavunjika. Nilikuwa nashuka kwenye boda karibu na mpaka, mguu ukakanyaga chini kama siku zote, paja likaachia. Sikuanguka nikavunjika, mwanangu. Nilivunjika kwanza, ndipo nikaanguka.

Wakanilaza, na damu yangu ikawa inasafishwa kwa mashine. Kitanda cha pili alikuwepo mzee Obbo, mtu wa Mella kule Tororo, aliyepasua mawe kwenye milima ya Osukuru ujanani mwake. Naye alikuwa wa mashine kama mimi, wa siku nyingi. Chakula kilipoletwa nilimwona anatafuna kidonge kile kile cheupe katikati ya tonge, kama mtu anayekula njugu. Nikamcheka. Nikamwambia mimi changu hungoja usiku.

Hakucheka. "Mama, dawa hii ni ya sahani, si ya kitanda. Fosforasi imo ndani ya chakula. Kidonge kinaikamata humo tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Ukikimeza tumbo tupu, kitamkamata nani?"

Akanieleza taratibu, alivyoelezwa yeye na daktari, na mashine ikinung'unika katikati yetu. Figo nzima huitoa fosforasi iliyozidi. Figo iliyochoka huiacha ijae, na ikijaa ndiyo inayowasha ngozi namna ile, tena huivuta kalsiamu kutoka mifupani mpaka mifupa inabaki kama kuni zilizoliwa na mchwa. Sasa supu ya kwato, mukene na mifupa yake, maziwa, soda nyeusi, vyote vimejaa fosforasi. Na ule unga wa Wycliffe je, nikamuuliza.

"Unapajua Osukuru?" akasema. "Kuna jiwe la chokaa la kupikia saruji, na kuna jiwe la fosfeti la mbolea. Pale mlimani yamelala pamoja, hayagombani. Yakizidi yote mawili ndani ya damu yako, yanashikana. Yanakuwa mlima ndani ya mishipa."

Nikasinzia na maneno hayo. Nikaona ule mwamba wa Tororo unakuja barabarani, mweupe, unatembea polepole kama ng'ombe mwenye mimba, na malori yanaupisha. Ukafika mlangoni kwangu ukakaa. Nikataka kuinuka niukaribishe, nikakuta miguu yangu ni ya jiwe lile lile. Nafula yuko pembeni, ananimiminia kwa upawa, kwa upendo kabisa.

Nilipozinduka nilimuuliza mzee nitamkataaje wifi yangu. Akasema usimkatae, mlete asikie mwenyewe.

Nikamleta. Daktari akamweleza kwa Kiswahili, bila haraka. Nafula akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemvunja?" Akanigeukia mimi. Mpaka leo sijamjibu, na fimbo ninayotembelea ndiyo inayojibu ikigonga sakafu.

Lakini bado analeta bakuli. Nyama kidogo, kwanza ameichemsha na maji yake ameyamwaga. Kabichi. Wali kiasi. Na pembeni, juu ya kisosi, kidonge cheupe. Mimi natafuna, yeye anatazama mpaka nimalize.

Sasa sikia, mwanangu. Nafula wako yuko njiani, kila boma lina wake, na atakuja na upendo unaochemka. Usiufiche ugonjwa ili umfurahishe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mchukue kliniki asikie kwa masikio yake, ndipo utakula kwake bila kumtukana. Kidonge cha kukamata fosforasi ni cha chakula, kitafune pamoja na tonge, kwa kiasi ulichoandikiwa. Kalsiamu ya sokoni usiiguse hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Damu ipimwe kwanza, daktari ndiye aseme kalsiamu ipungue au iongezwe. Wala usiogope chakula ukajinyima mpaka ukakonda. Uliza kipi na kiasi gani. Na usipoelewa, sema hukuelewa, foleni ingoje.

Mungu akuachie damu inayotiririka na mifupa inayokubeba. Wanaokupenda wajue wanachokupikia. Na uzeeke, mwanangu, uzeeke sana, mpaka vijana wachoke kukusikiliza.