Nyota Juu ya Bafu la Bi Mgeni

Miaka na miaka Bi Mgeni aliapa kwamba jirani yake, Mchaga mwenye duka la vitambaa, anamchungulia akioga. Bafu la uani halikuwa na paa, na yule Mchaga kila magharibi yuko juu ya ghorofa lake na mwenzake mmoja, darubini kwenye jicho, jicho la pili kalifinya kama kalamba ndimu. Mikono yake haitulii. Dukani anapima kanga, huko juu anapima mbingu kwa shubiri, ananong'ona kama kalaza mtoto. Hata shikamoo yake anakupa huku katazama mawinguni. Bi Mgeni alikasirika mpaka akawa haingii bafuni bila kujisugua liwa ya kunukia na kuchana nywele. Na mvi zote zile!

Jioni moja, yumo bafuni, akamsikia jirani huko juu, "Ile pale! Jana haikuwepo!" Akajifunga kanga, povu masikioni, akamburuta balozi wa nyumba kumi mpaka juu ya ghorofa.

"Balozi, mkamate! Ananichungulia huyu."

"Shikamoo, mama," jamaa akasema bila kugeuka. "Njoo uone nyota mpya. Jana hapo palikuwa peusi, mwenzangu shahidi."

Bi Mgeni akachungulia kwenye darubini. Nyota kweli ilikuwepo, inawaka kama kaa la moto juu ya bafu lake.

"Na bafu la huyu mama je?" balozi akauliza.

Yule bwana akapokea darubini yake, akawatazama kwa mara ya kwanza. "Kwani huko chini kuna bafu?"

Bi Mgeni akashuka ngazi na povu lake. Liwa yote ile, jamani!