Gaidi wa Mbwa

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuwa gaidi. Sitanii. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nyumbani hakukuwa na pesa ya kuendelea, basi nikawa nazurura tu mtaani kwetu Kawempe, Kampala, nachekesha watu. Jirani yetu mmoja askari akaniambia kule kikosi cha mbwa wanatafuta kijana anayejua kukimbia. Nikamwambia mimi nimekimbia shule nzima, amuulize mwalimu wa hesabu.

Jeshi lilikuwa limeshachukua nchi, na miaka ile kila ukisikiliza redio kuna ndege imetekwa mahali. Kwa hiyo wazungu wawili wakaletwa wafundishe askari wetu kabla mtu hajateka ndege kwetu. Mmoja alikuwa Mwingereza, alikuja na mbwa. Mwingine Mmarekani, alikuja na makopo ya baruti za kila aina ili mbwa wazijue harufu. Walituambia serikali zao, za pande mbili za bahari, zimekubaliana kuwinda magaidi pamoja. Mimi nilichokiona cha makubaliano hayo ni kwamba mmoja alikunywa chai na mwingine kahawa, na maji ya moto ya wote wawili nachemsha mimi.

Asubuhi navalishwa koti la magunia, natiwa kopo la baruti mfukoni, najificha. Nimejificha kwenye mitaro, juu ya dari, ndani ya pipa la takataka. Mbwa ananusishwa fulana yangu ya jana, anaachiwa, anakuja kunitafuta. Akinipata ananing'inia mkononi, askari wanapiga makofi, mbwa anapewa biskuti.

Siku moja nikauliza, "Na gaidi je, hali?"

Mmarekani akacheka mpaka akakohoa, akanitupia moja. Biskuti ya mbwa. Nikaila mbele yao wote. Ilikuwa tamu kuliko za dukani, na kwa bei zilivyokuwa, niliomba ya pili.

Nyumbani ndiko kulikuwa na shida. Sisi ni Waswahili wa zamani, wazee wetu walikuja Buganda na misafara ya biashara kutoka pwani wakabaki, wakafungua maduka na madarasa ya Kurani. Mbwa kwetu akikulamba umepata najisi. Chombo alichogusa kwa mate kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama alinitengea ndoo yangu, sahani yangu, kamba yangu ya kuanika. Nikirudi kazini nasimama uani namwagiwa maji kama gari la serikali.

"Usije karibu," anasema. "Salamu nitaitikia kutoka huku."

Kaka yangu, ambaye nililala naye chumba kimoja, alikuwa ananitetea. "Mama, mbwa ndio wanaopaswa kuoga wakimgusa huyu."

Huyo kaka alikuwa fundi cherehani pale soko la Owino. Kama mnadhani mimi ndiye mcheshi, hamkumsikia yeye. Wateja walikuwa wanaleta nguo nzima ili tu wakae wamsikilize.

Walimchukua mchana, watu wote wakiona. Kuna shule ilikuwa imempa kazi ya kushona kaptula za kaki, za watoto, na mtu akaenda kusema kwamba fundi fulani anashonea waasi sare. Wakaja vijana watatu wa usalama wenye miwani ya giza na mashati ya maua, gari halina namba. Mama mmoja anayeuza vitunguu pembeni ya meza yake ndiye aliyekuja kutuambia. Alisimama mlangoni, leso mdomoni.

"Aliwainulia kaptula moja," akasema. "Akawaambia, afande, tupime basi, hii inamwingia muasi gani? Watu wakacheka. Nadhani kile kicheko ndicho kiliwaudhi. Wakampiga na kitako cha bunduki, wakamtia kwenye buti ya gari, futi yake ya kupimia bado iko shingoni."

Mama yetu hakulia. Aliuliza tu kama kaka alikuwa amekula.

Wakati ule kila mtu Kampala alijua jambo moja. Mtu akichukuliwa, siku za mwanzo anaweza kutoka, kama unajua yuko nyumba gani na una mtu wa kumsemea. Nyumba zenyewe zilikuwa nyingi. Kambi, vituo, na yale majumba mazuri ya kilimani yenye maua. Ukienda kuuliza kila mlango unaambiwa hayupo, na ukiuliza sana unaingizwa ukamtafute mwenyewe. Mtu wa kumsemea tulikuwa naye. Mjomba alikuwa anasomesha Kurani watoto wa afisa mmoja mkubwa.

"Naweza kuongea naye," mjomba akasema. "Lakini nitajieni nyumba. Siwezi kumwambia mkubwa anitafutie mtu mji mzima, ataniona nampa amri. Nikimtajia nyumba, anapiga simu moja tu."

Nyumba tu. Nilikesha nageuka kitandani, kitanda cha kaka kitupu pale, na ndipo nikakumbuka kwamba mimi kila siku ya Mungu natafutwa na napatikana.

Asubuhi nikawakuta wazungu wanakunywa vitu vyao. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba lakini siku ile kilitoka chote. Niliwaambia kaka kachukuliwa, hajafanya kitu, na mbwa wao jike, yule mweusi, anaweza kumpata.

Mmarekani akaweka kikombe chini. "Hapana. Sisi tumekuja kwa ajili ya ndege na mabomu. Mambo ya ndani ya nchi hayamo kwenye makubaliano."

"Yeye hakuwekwa kwenye mkataba," nikasema, "amewekwa kwenye buti."

Hakucheka. Wakaanza kubishana wao kwa wao, haraka haraka, na maneno mengi yalinipita, lakini ugomvi nauelewa kwa lugha yoyote. Mmarekani akatoka. Mwingereza akabaki anakoroga chai ambayo ilikuwa imeshaisha.

"Jioni huwa nampeleka yule jike matembezi," akasema. "Njia naichagua mwenyewe. Wewe ukitaka utashika kamba. Lakini niletee kitu alichovaa yeye peke yake, kisichofuliwa. Kikifuliwa, kwa mbwa ni kitambaa tu."

Nikakimbia mpaka Kawempe. Sikungoja basi.

Niliona kabla sijafika mlangoni. Kamba zote mbili za uani zimejaa. Kanzu zake, mashati, suruali, soksi, shuka la kitanda, mto umepasuliwa pamba imeanikwa juani. Hata kofia zake zimevishwa juu ya masufuria zikauke zisiharibike umbo. Mama yuko katikati, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko.

"Mama, umefua nini?"

"Vyote. Jioni mashekhe wanakuja kumsomea dua mwenzio. Nyinyi mnalala chumba kimoja, na wewe unarudi na mbwa mwilini. Nitamwombaje Mungu anirudishie mwanangu ndani ya nyumba yenye najisi?"

"Umebakiza hata soksi?"

"Kila kitu mara saba. Na udongo. Tangu alfajiri." Akanyanyua shati moja akalinusa, akaridhika. "Akija atakuta nguo safi."

Nilisimama pale. Yeye akadhani nasubiri kumwagiwa maji, akachukua ndoo yangu akanimwagia.

Sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia, na hapa naandika kwa sababu najua hasomi.

Nikaenda Owino kutafuta chochote chenye harufu yake. Cherehani ilikuwa imebebwa na walewale, meza imevunjwa, na mafundi wa mstari ule wote walikuwa wamekimbia. Yule mama wa vitunguu naye hayupo. Wenzake wananiangalia kama mgonjwa wa tauni, kila ninayemuuliza anakumbuka ghafla kwamba ana mzigo wa kufunga. Jioni ile matembezi yakapita bila mimi. Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye dua, sehemu yangu ya mlangoni, nasema amina na wengine.

Kesho yake mchana yule mama akarudi sokoni. Kumbe kimto alichokuwa anakalia kaka akishona, alikuwa amekiokota siku ileile waliyomchukua.

"Kiko kwenye gunia," akaninong'oneza. "Sijakikalia. Sijakishika zaidi ya mara moja. Kinanitia hofu, kichukue."

Nikakibeba na gunia lake kama yai.

Mwingereza alikuwa anangoja ndani ya gari lake. Akamnusisha mbwa kile kimto, taratibu, akamsemesha. Tukaanza kutembea vilimani, mzungu na fimbo yake, mimi na kamba, kama watu wenye raha zao. Tulipita nyumba ya kwanza, hakuna. Ya pili, askari wa getini akampigia mzungu saluti. Kwenye ya tatu, yenye ua mrefu wa maua mekundu, mbwa akasimama.

Wacha niwaeleze, maana kazi hii niliifanya. Mbwa akiinamisha pua, anasoma nyayo, mtu alipita. Akiinua pua, ananusa hewa, mtu mwenyewe yupo. Mimi nilikuwa naliona hilo kila siku nikichungulia ndani ya pipa: pua ikienda juu najua nimekwisha. Sasa pua ilikwenda juu. Akanyoosha shingo kwenye ule ua, mkia ukakaza, akakaa chini kimya kama alivyofundishwa.

Mlinzi akaja na Kiswahili chake cha kambini. "Wewe nataka nini hapa?"

"Hakuna, afande. Mbwa kachoka."

"Hii mbwa ya mzungu nachoka upesi hivi?" Akacheka. Nikamtambua. Wiki iliyopita alikuwa mwanafunzi wetu, alinipigia makofi nilipotolewa kwenye mtaro. Naye akanitambua. "Ah, kumbe ni wewe gaidi. Enda basi. Hapa si mahali ya kucheza."

Nyuma ya maua, labda hatua chache tu, kulikuwa na kama banda la gari. Nilitaka kuimba, kukohoa, kusema mzaha wowote kwa sauti, yeye aisikie ajue niko hapa. Mwingereza akanishika bega.

"Tumempata," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa twende."

"Muulize. Wewe ni mzungu, wewe hawakukatai. Umewafundisha."

"Mbwa anatafuta. Kutoa siyo kazi yake." Akampapasa mbwa kichwani. "Wala yangu. Mwenzangu akijua tu nimekuja hapa, kesho niko kwenye ndege."

Nikamwachia kamba nikakimbia kwa mjomba. Alikuwa anatawadha magharibi. Nikamwambia nyumba, ua, maua mekundu. Akaniuliza nimejuaje.

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Mtu wa kuaminika, mjomba. Hanywi pombe, hasemi uongo."

Mjomba alikwenda asubuhi na kanzu yake ya Idi. Afisa mkubwa hakuwepo. Amekwenda na wageni Entebbe, akaambiwa, kuna maonyesho: wale wazungu na askari wanawaonyesha mabalozi jinsi mbwa wanavyokamata gaidi uwanja wa ndege. Na kweli, mimi mwenyewe nilikuwa kule. Nilikuwa nimelala chini ya ngazi ya ndege nina kopo mfukoni, na yule afisa, mtu pekee Uganda nzima aliyekuwa na simu moja ya kumtoa kaka, amekaa kwenye kiti cha kivuli ananipigia makofi. Nilipokamatwa nilijaribu kumfuata. Walinzi wake wakadhani bado ni maonyesho, wakanisukuma na kucheka. Mabalozi nao wakacheka.

Mjomba alimpata usiku. Simu ikapigwa. Jibu likarudi kwamba mtu wa namna hiyo hayupo nyumba ile na hajawahi kuwepo.

"Wanasema uongo," nikamwambia mjomba.

"Basi niletee jambo la kumwambia tena," mjomba akasema. Uso wake ulikuwa umeshuka. "Neno la kwanza nimeshalitumia."

Jioni iliyofuata Mwingereza alinikuta nimekaa kwenye banda la mbwa na gunia langu. Akachukua fimbo yake. Tukaenda. Nilimnusisha mbwa kimto pale barabarani, vizuri, kama nilivyoona anafanya yeye. Mbwa akavuta kamba kwa hamu. Tukaufikia ule ua.

Akapita.

Pua chini, akanusa ukingo wa barabara kidogo, akaendelea mbele na safari yake.

"Turudi tupite tena," nikasema. Tukapita tena. Mlinzi alikuwa mwingine, akatuangalia tu. Tukapita tena upande wa pili wa barabara, upepo unatoka kwao unakuja kwetu, na mimi naomba moyoni, inua, inua tu mara moja. Mbwa akapiga chafya.

"Huenda ni upepo," mzungu akasema.

"Upepo unakuja kwetu."

"Najua," akasema.

Tukaenda nyumba ya pili, na ya kwanza, na nyingine ambazo sikuwa nazijua. Giza likaanza kuingia na mbwa akawa anavuta kurudi. Mwingereza akasema amechoka, pua ikichoka haisaidii, na mtu mweupe na mbwa hawawezi kuonekana huku usiku. Akanyoosha mkono nimpe kamba. Nikampa.

"Na wewe?"

"Mimi naendelea kidogo."

"Bila mbwa?"

Walishuka kuelekea kwenye gari, na mimi nikapandisha na barabara, nikipita karibu sana na kila ua, kichwa nimekiinua, navuta hewa kwa pua.