Gunia la Mlangoni kwa Mama Shiro

Nikiwaambia haya msinicheke sana, ama chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshachoka kuona aibu. Ilikuwa miaka ile ya tisini, nimemaliza shule, sina kazi, naishi mtaa wa Kamenu, Thika, kwa nyanya yangu (ambaye kila asubuhi alikuwa ananiuliza nitaoa na nini).

Akaja Daktari Nyokabi, mwalimu wa chuo kikuu, mama mfupi mwenye sauti ya upole, anataka kukadiria mji wa Thika unatoa hewa ya kaboni kiasi gani: magari, viwanda, mpaka jiko la makaa la kila nyumba. Mimi nikapewa makaa. Nipime magunia kumi kwa kila muuzaji, niandike kwa fomu, na nikifanya vizuri ataniajiri kabisa tukienda kupima Ruiru, mji wa jirani. Kazi! Nyanya alimshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa, mizani yenyewe ilikuwa ya chuma, nzito, na jua lilikuwa linawaka kweli. Nikafika kwa Mama Shiro, muuzaji wa kwanza, nikakuta ametoka kidogo, nikasukuma gunia lililokuwa mlangoni mpaka juu ya mizani, nikasoma kilo, nikajiambia gunia ni gunia, Kariuki, ya nini kujitesa? Fomu zingine zote nilizijazia kwa kibanda cha chai, kilo zilezile, nikinywa chai na mandazi.

Wiki mbili baadaye Daktari akaita mkutano kwa ukumbi wa kanisa. Wauza makaa wote wako, chifu yuko mbele na kofia yake. Daktari akanitambulisha kuwa kijana aliyepima makaa, nikasimama, nikapigiwa makofi, nikapunga mkono (mimi huyo!). Halafu akasoma makadirio: uzito wa gunia moja, na kwamba hewa ya makaa imepita ya magari na viwanda.

Chifu akaruka juu. "Kumbe ni nyinyi wauza makaa mnatumaliza! Jumatatu nataka muwe mmetoka huku Kamenu, wote!"

"Ngai!" Mama Shiro akasimama. "Gunia kilo hizo zote? Nani hulibeba, trekta? Wewe kijana, kwangu ulipima gani?"

"Lile la... la mlangoni."

"Woi! Hilo si makaa! Ni udongo na vumbi, nimeweka lizuie mlango usipigwe na upepo!"

"Na kwa wengine, Kariuki?" Daktari akauliza polepole.

Nikaangalia viatu vyangu. "Sikupima, Daktari."

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia viti. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nikangoja Daktari anifukuze, lakini yule mama, haki ya Mungu, sijaona mtu kama yeye.

"Chifu, hakuna mtu anatoka," akasema. "Hii hesabu ina jina langu. Ilinisumbua, ndiyo maana nimewaita kabla sijaipeleka popote. Sasa nifundisheni, magunia yenu hutofautiana aje?"

Wakamfundisha. Makaa ya mti mgumu, ya mti mwepesi, yaliyonyeshewa, gunia lililoshonewa wavu juu likajazwa mpaka likaota kichwa. Daktari wa chuo kikuu anaandika kama mwanafunzi! Mwisho akachora ubaoni nambari mbili, moja ndogo, moja kubwa, akasema ukweli uko mahali hapa katikati.

Chifu akashangaa. "Yaani daktari mzima hujui?"

"Sijui, chifu. Lakini sasa naweza kukwambia sijui kwa kiasi gani."

Mimi siku zote nilidhani msomi ni yule wa kutaja nambari moja kwa sauti kubwa. Nilimpenda yule mama kwa maneno hayo, na bado nampenda.

Kazi ya Ruiru je? Alimpa Mama Shiro, palepale, mbele ya watu, na Mama Shiro akasema atakubali akipata mtu wa kubeba mizani. Wote wakanigeukia. Nilibeba ile mizani Ruiru nzima, mlango kwa mlango, na nikaapa sitaandika tena kilo ambazo mgongo wangu haujazisikia.